Mguu wa Kushoto, Mguu wa Kulia

Mtoto wa kaka alikuwa akijikuna miguu mpaka inachubuka, na mama alishatoa hukumu: maziwa ya wifi ndiyo mabaya. Wifi akaacha mayai, akaacha samaki, akabaki mifupa. Sasa mama alitaka mtoto aachishwe ziwa kabisa.

Mimi nilikuwa nimeona kitu. Mtoto alizidi kujikuna kila akipakwa losheni ya mama, ile inayonukia nyumba nzima. Nikaleta yangu, nikamwambia wifi asome maandishi ya nyuma ya chupa ya mama, nami nifuate kwenye yangu kwa kidole.

"Maji."

"Yapo."

"Gliserini."

"Ipo. Endelea, wifi."

Tukaenda hivyo kama wacheza karata, mpaka neno la mwisho.

"Manukato."

Nikatafuta juu, nikatafuta chini. "Wifi, kwangu hayapo."

Lakini mama haamini maneno, huamini macho. Tukampaka mtoto losheni ya mama kidogo mguu wa kushoto, yangu mguu wa kulia. Kulipokucha, wa kushoto ulikuwa na vipele vyekundu, wa kulia umetulia tuli. Wifi akanikumbatia, anacheka huku analia, kisha akakimbilia jikoni kujikaangia yai.

Mama akaigeuza miguu ile mara mbili. Halafu akachukua chupa yake, akajipaka mpaka viwikoni.

"Basi ninukie mimi," akasema. "Na wewe mwanangu huko jikoni, ongeza yai la pili. Mtoto anakungoja anyonye."