Mgongo wa Sajini Likoke

Sajini Likoke aliipokea amri ile akiwa amesimama wima, kama alivyozoea kupokea amri zote za jeshi la Zaire. Nesi wa zahanati, Mama Mulanga, alikuwa ameshampima uzito Élisée, mtoto mchanga wa sajini, na mama mtoto, Kanku, alikuwa pembeni akihangaika kufunga nepi. Basi nesi akamgeukia baba.

"Bibi yako huyu anasema munamulalisha ku tumbo. Hapana. Batoto banaweza kufa mu usingizi vile. Mutoto anapashwa kulala ku mugongo. Kila usingizi, hata ya muchana. Umesikia, sergent?"

"Nimesikia," akasema Likoke.

Na kweli alisikia. Shida ni kwamba Likoke alizaliwa mkoa wa Équateur, akakulia katika Kilingala, na Kiswahili alikiokota hapa Kamina, katika kambi ya jeshi, ambako neno likisemwa linatekelezwa bila maswali. Tena tangu utoto wake, mgongo aliojua wa kulaza mtoto ulikuwa mmoja tu, wa mama yake. Walipofika nyumbani akatangaza kwamba Élisée hagusi godoro tena. Atalala mgongoni mwa mtu, amefungwa kwa kitambaa cha kikwembe, na wazazi watapokezana zamu.

"Na usiku?" Kanku akauliza.

"Usiku vilevile. Kila usingizi, haukusikia?"

Kanku alikuwa binti wa Kananga, huko Kasai, mwenye maneno mengi siku zote. Safari hii alimtazama mumewe, akauma mdomo, akasema, "Muzuri, papa Élisée. Usiku iko yangu. Weye utamukamata mangaribi, ukitoka ku kazi."

Ndivyo kambi nzima ilivyopata sinema ya bure. Jioni ya kwanza Likoke alifunga fundo la kikwembe kifuani kana kwamba anafunga mzigo wa risasi, akatembea uani huku amejikunja kama mwenye kuumwa tumbo. Jirani yao, Mama Émerence, alicheka hadi akashika mlango asianguke. Koplo Banza alipita, akapiga saluti safi kabisa, akautazama mzigo ule wa mgongoni kama anayekagua shanta ya askari.

"Mon sergent, iyi njo paquetage mupya?"

Likoke alimfukuza akasafishe viatu. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini nesi alikuwa ametaja kufa, na neno hilo lilimkaa rohoni. Kwa ajili ya mtoto huyu angetembea hata na sketi. Halafu, siku zilivyokwenda, akaanza kuuzoea ule ujoto mdogo katikati ya mabega yake, na bila kujua akawa anaimba nyimbo za Kilingala alizokuwa hajaziimba tangu aingie jeshini.

Jambo moja tu lilimtatiza. Yeye alibeba mtoto jioni tu na kiuno kilimwuma. Kanku, mwenye zamu ya usiku kucha, aliamka uso umenawiri. Likoke akaamua kwamba wanawake wa Kasai wana nguvu za ajabu, akamheshimu zaidi mkewe.

Jumapili moja baada ya ibada alikula bukari, ugali wa huko, na samaki mpaka mkanda ukambana, akamfunga Élisée mgongoni, akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta. Hapo ndipo alipokosea. Kichwa kikaanza kumlemea, mwili ukaenda nyuma taratibu. Mkono ukamshika bega kwa nguvu.

Alikuwa Kanku. Kati ya mgongo wa sajini na ukuta palibaki nafasi ya kiganja tu, na mtoto alikuwa humo. Likoke aliruka akasimama.

"Ningemufinya," akasema. Hakujali nani anasikia.

"Njo maana kila siku niko nyuma yako," Kanku akajibu, huku anafungua fundo. Akaingia ndani na mtoto, akamlaza juu ya godoro gumu, bila mto, bila blanketi karibu na uso.

"Nesi alisema ku mugongo," Likoke akanung'unika.

"Angalia muzuri. Iko ku mugongo ya nani?"

Akaangalia. Élisée alikuwa amelala chali, ametulia kabisa, mikono juu kama aliyejisalimisha. Ndipo Likoke alipoielewa amri ya nesi.

"Na usiku?"

"Ukishakoroma, namulalisha hivi. Usiku yote."

"Basi ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Kwanza nilitaka kuseka tu, kama Mama Émerence. Kisha ukaanza kumuimbia." Kanku akainamisha macho. "Mbele ya ile siku haukukuwa unamugusa hata. Nikasema, nikikuambia, utanirudishia yeye."

Likoke alimkumbuka Banza na saluti yake, akavuta pumzi ili afoke. Lakini mtoto alikuwa amelala, na hasira isiyoweza kupiga kelele haina pa kwenda. Ikaishia hapohapo kifuani. Na alichosema mkewe kilikuwa kweli, ndicho kilichomwuma.

Akaokota kikwembe kilichoanguka, akakikunja kijeshi, akakiweka juu ya paja lake.

"Akilala, mugongo yake," akanong'ona. "Akiamuka, mugongo yangu."

Akavuta kigoda, akaketi kando ya godoro kumngoja mwanawe aamke, na mwanawe hakuwa na haraka yoyote.