Ngoma ya Dinny

...na toroli haliji, rundo lililokuwa mbele ya tanuri limebaki vumbi tupu, huyu Dinny amelala huko ghalani, hakuna jingine, Malachy akaipiga sakafu ya chuma kwa beleshi, ngo, ngo, ngo, kama kila mchochea moto anavyopiga makaa yakimwishia, meli ikalala ubavu, kishindo kikasikika, akasubiri jibu la utani, maana wasukuma makaa nao huugonga ukuta kutoka ndani ya ghala, kama kusema subiri, mjinga wewe, mimi si mkeo, na muda si mrefu Dinny aligonga, akagonga tena, akagonga kama kichaa hadi wote wakaangua kicheko, na Malachy akapaza sauti, "Piga ngoma, shemeji, tutakuja kucheza!"... naam, alisema hivyo, kumwambia Dinny, mdogo wa mkewe Honora, aliyempandisha melini yeye mwenyewe pale Liverpool, Honora akifuta mikono kwenye aproni, huyu ndiye pekee niliyebaki naye, Malachy, unirudishie, naye akamjibu kwamba atamrudisha amenona, kwa yale makombo ya abiria wakubwa wanayoshushiwa watu wa moto wakitoka zamu, kuku, mke wangu, kuku wa kuokwa... "Tierney!" injinia Abernethy huyo mlangoni, anamwita Malachy, "mvuke unashuka, makaa yako wapi?" "Yanakuja, bwana," yanakuja, yanatoka wapi, asubuhi mlima wa makaa ulikuwa umegusa dari, mara ya mwisho Dinny alikuja na toroli nusu, anahema, "Ya juu siyafikii, Malachy," naye akamjibu mbele za watu, "Chimba chini basi, una mikono ya padri?"... chimba chini, neno ambalo hata mlevi wa gatini hamwambii msukuma makaa bahari ikiwa hivi, ukichimba chini mlima wote unakushukia, na Dinny hakubisha, alicheka tu, kwa meno yale yaliyopandana kama ya Honora, akageuza toroli... na kile kishindo meli ilipolala, ni wimbi, alisema ni wimbi, Cassidy wa tanuri la pili naye akasema wimbi, kisha ndipo kugonga kukaanza, baada ya kishindo, si kabla, na kulitoka chini, usawa wa magoti, nani anagonga utani amelala chini, ee Mama wa Mungu, na sisi tukacheka, mimi nikacheka kuliko wote... sasa Malachy anagonga, ukuta haujibu, "Gonga tena, Mal," Cassidy anasema, "labda hakusikia," "Amefukiwa!" nani kasema, ni yeye aliyesema, "Dinny amefukiwa, acheni moto, nendeni ghalani mkachimbe!" na Cassidy anakimbia, wote wanakimbia na mabeleshi nyuma ya boila, na miguu yake yeye haiendi, imekataa, mlango wa ghala uko pale pale, hatua chache, lakini kufika ni kujua, na akijua itabidi amwambie Honora... tanuri linaunguruma, Abernethy anadai mvuke, kila kitu kiko kama kilivyokuwa, Malachy anapiga magoti, anaugonga ukuta chini kabisa, mara moja, polepole, anaweka sikio kwenye chuma nacho kinamuunguza, hauondoi uso, nitukane, Dinny, mtukane hata mama yangu, piga hiyo ngoma, shemeji, ipige, sicheki.