Maharage ya Mama Mkwe

Tangu asubuhi Mokami hakutulia. Mara afunue sufuria, mara atoke mlangoni kutazama barabara ya Nyamisangura, mara arudi kuchochea moto ambao wala haukuhitaji kuchochewa. Mama mkwe wake, Waisiko, alikuwa njiani kutoka Genkuru. Mara ya mwisho alipokuja alitafuna maharage magumu kama kokoto, kisha akarudi kijijini kutangaza kwamba mwanawe Ryoba ameoa mvivu.

Mvivu, wakati siku ile maharage yalichemka tangu saa mbili hadi saa tisa. Tatizo lilikuwa maji magumu ya kisima cha Ryoba, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Lakini kisima hicho kilichimbwa kwa ng'ombe watatu waliouzwa, na Mkurya akishauza ng'ombe wake kwa jambo, usithubutu kumwambia lina kasoro. Mokami alijaribu mara moja tu, akanuniwa siku nne.

Safari hii alikwenda kimyakimya kwa jirani, Mwalimu Goodness, akaomba dumu la maji ya mvua. Kabla ya saa tano maharage yalikuwa yameiva, laini kabisa.

Waisiko alikula, akaomba aongezewe. Mokami akashusha pumzi. Ndipo Ryoba, kifua mbele, akajaza madumu mawili maji ya kisima ili mama akapikie nyumbani.

"Umeona, mama? Maji hayakuwa na shida. Ni huyu tu alikuwa hajajua kupika."

Mokami akinyamaza, nyumba itakuwa na amani, na yeye atabaki mvivu maisha yake yote.

"Mama, haya nimepikia maji ya mvua, ya kuomba," alisema. "Ya kisima hayaivishi. Hata siku ile sikuwa mvivu."

Waisiko aliomba sabuni, akachota maji ya kisima dumuni, akasugua mikono. Alisugua sana. Povu halikuja, ila utando mzito ulioganda vidoleni.

"Kumbe nimekusema bure, mwanangu," alisema taratibu.

Kisha akamgeukia Ryoba, ambaye alikuwa anatazama chini.

"Vaa viatu twende wote Genkuru. Niliowaambia ni wengi, utawapitia nyumba kwa nyumba uwaeleze habari ya maji yako."