Baba Amtaka Ismail

Mwaka ule wa korona, mtaa wetu wote wa Bofu, Likoni, ulikuwa na mwanamume mmoja tu: Ismail, muuguzi. Sisi wengine tulikuwa mapambo ya barazani. Hasa kwa Jalila wa jirani, niliyemweka moyoni tangu kidato cha pili.

Asubuhi moja baba akashika kifua. Kama amelaliwa na gunia la mahindi, alisema, na mkono wa kushoto unamuuma hadi taya. Mtaani kwetu kifua kilikuwa korona, na korona ilikuwa kujifukiza. Nikachemsha mwarobaini, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamfunika blanketi pamoja na sufuria.

Jalila akachungulia dirishani. "Mwite Ismail."

"Kwani vifua vyote vya Likoni ni vyake?"

"Una wivu wewe."

"Na yeye ana miwani. Kila mtu na maradhi yake."

Akacheka. Wallahi, nilifurahi, nikaongeza mzaha juu ya mzaha, saa nzima, huku baba anavuja jasho mle ndani. Kisha sufuria ikapinduka. Nilipofunua blanketi, uso wake ulikuwa wa majivu.

Nilikimbia peku hadi kwa Ismail.

Alikuja na barakoa na glavu. "Nani kamfunika? Huu ni moyo!" Akampa aspirini. "Tafuna, mzee wangu, usimeze nzima." Kisha akanigeukia: "Ilianza lini?"

Jalila alikuwa mlangoni.

"Sasa hivi," nikasema.

Tuktuk ikatufikisha hospitalini anakofanya kazi Ismail. Mlinzi akataka kumpeleka baba foleni ya wakohozi. Ismail akakizuia kiti cha magurudumu. "Moyo kwanza, korona baadaye." Sisi jamaa hatukuruhusiwa kupita. Akavaa vazi jeupe la kujikinga. Baba akanyoosha mkono, nikanyoosha wangu, akashika wa Ismail. Wivu wa Jalila nilishauzoea. Huu wa baba ulikuwa mgeni kwangu.

Wakaanza kuondoka.

"Ismail! Ilianza saa mbili. Sikutaka kukuita wewe."

Hakunitukana. Alitazama saa ya ukutani, akaandika "saa mbili" juu ya glavu, akamsukuma baba mbio.

Siku ya nne simu ikalia.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Wamenizibua mshipa. Ismail katoka zamu; yuko hapo?"

"Nilikukosea, baba. Nilichelewa kumwita."

"Kanieleza yeye. Kasema pia ulikuja peku." Akapumua. "Haya, mpe simu."

Nikavuka njia kumpelekea. Alikuwa barazani kwa kina Jalila, anakula viazi karai. Nikasimama pale kama mlingoti wa stima, nikimsikia baba akimwita "mwanangu."