Kunawa Vumbi

Katika ufalme wa Majabalini mtu alijulikana kwa kazi ya mikono yake. Mshonaji aliitwa kwa sindano yake, mhunzi kwa nyundo yake, mwashi kwa mwiko wake. Na mwashi alipofariki, wenzake walikusanyika nje ya jengo la mwisho alilolishughulikia, wakanawa mikono katika karai moja la maji safi. Kisha mmoja wao aliugonga mwiko wa marehemu juu ya jiwe, mara moja tu, akasema: "Fundi fulani, kazi imekwisha." Hapo ndipo roho yake ilipojua kwamba imeruhusiwa kushuka jukwaani.

Mila hiyo waliiita kunawa vumbi, na sharti lake kubwa lilikuwa hili: siku hiyo hakuna anayebaki ndani. Awe mwenye nyumba, awe mgeni aliyepita kunywa kahawa, kila aliyekuwa chini ya dari ya marehemu alitoka akasimama uani mpaka neno lisemwe. Wazee walioweka sharti hilo hawakueleza sababu. Wazee wana tabia hiyo.

Akatawala Mfalme aliyependa majengo kuliko alivyowapenda wajenzi. Alitaka kasri ambalo kivuli chake kingefika sokoni. Alipowaita mafundi, nao wakataja ujira wao, alinuna siku nyingi, mpaka Waziri wa Mikono Mitupu alipomletea wazo. Waziri huyu ndiye aliyeshughulikia watu wasio na ajira, na walivyozidi kuwa wengi ndivyo wizara yake ilivyozidi kunenepa.

"Mtukufu," alisema, "nchi imejaa watu wasio na kazi. Lakini tazama kwa makini: hawakosi kazi, wanakosa uzoefu. Tuwape uzoefu hapa kasrini. Na kwa kuwa uzoefu ndio malipo yenyewe, tukiwalipa tena tutakuwa tumewalipa mara mbili, na huo ni ubadhirifu."

Ukaanzishwa Mradi wa Uzoefu. Vijana walikuja mbio, na hawakuwa wajinga. Wazo lenyewe, likikaa katika mikono safi, ni jema: asiyejua afundishwe, apewe mwiko wake, aachiwe aende zake akajitafutie. Nchi za jirani zilifanya hivyo, na watu wao wakainuka. Lakini Majabalini mafunzo hayakuwa na mwisho. Aliyeanza kujifunza kubeba zege akiwa na ndevu changa alikutwa bado anajifunza kubeba zege ameota mvi. Kila walipokaribia kuhitimu, Waziri aliwakusanya, akawapongeza kwa bidii yao, akaongeza muda. Matajiri wa mji walipoona kasri linapanda bure, nao wakaomba wanafunzi. Mafundi wa zamani wakakosa pa kushika. Na kwa kuwa sasa hawakuwa na kazi, waliandikishwa katika Mradi ili wafundishwe ufundi wao wenyewe.

Ndivyo Fundi Ngwali, aliyepiga lipu nusu ya nyumba za mji ule, alivyorudi nyumbani jioni moja amefungwa kitambaa cha njano cha mwanafunzi mkononi. Mkewe, Sikudhani, alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Haya, mwanafunzi wangu, leo umefundishwa nini?"

"Kushika mwiko," Ngwali alijibu huku akinawa. "Nimesifiwa. Wanasema naushika vizuri kwa mtu wa umri wangu."

Sikudhani hakucheka tena siku mumewe alipoletwa amelazwa juu ya ubao. Jukwaa alilosimamia kupiga lipu, katika ukumbi wa kaskazini wa kasri, lilikuwa limefungwa kwa kamba zilizooza.

Waziri alikuja msibani yeye mwenyewe. Alikaa mkekani kwa adabu, akatoa pole ndefu, kisha akaeleza, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba marehemu hakuwa amehitimu. Kwa hiyo sheria haikuruhusu aitwe fundi, wala wenzake wamnawie vumbi. Kazi ya mwanafunzi hukatika, haiishi.

"Hata hivyo Mfalme hakuwasahau wafiwa," aliongeza akiinuka na kujikung'uta. "Nafasi ya marehemu katika Mradi tumekupa wewe, mama."

Hivyo Sikudhani akaingia kasrini na karai kichwani.

Alichokiona kwanza ni kwamba watu hawakuimba. Kazi ya zege bila wimbo ni nzito kuliko jeneza. Kisha akasikia kilichowanyamazisha. Ndani ya kuta, mchana kweupe, kulikuwa na mkwaruzo: kwaru, kwaru, halafu kimya, halafu kwaru tena, kama mtu anayesawazisha lipu na kurudi nyuma kuitazama. Wenzake walipousikia walisogea mbali na ukuta bila kukatiza mazungumzo, kama watu wanavyompisha mzee njiani.

Alfajiri moja alifika ukumbi wa kaskazini akakuta ufa aliouacha jioni, mpana wa kuingia kiganja, umezibwa. Lipu ilikuwa mbichi bado. Kwenye pembe yake palikuwa na alama ya kidole gumba, na katikati ya alama hiyo ulipita mstari wa kovu, mshazari.

Sikudhani alitua karai chini.

Kidonda kilicholeta kovu lile alikifunga yeye kwa kipande cha kanga, mwaka wa ndoa yao, Ngwali alipojikata kwa bati. Na ile alama aliijua. Kila jioni, kabla ya kushuka, Ngwali alibonyeza gumba pale alipoishia, ili kesho ajue pa kuanzia. Mume wake alikuwa kaburini, na bado anaweka alama ya kesho.

Aliweka gumba lake juu ya lile la mumewe. Lipu ilikuwa baridi. Kama kuna kilichobonyeza kutoka upande wa pili, hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo alifika kazini mapema kuliko wote, na kila alfajiri ilikuwapo alama mpya, naye akaweka gumba lake hapo, akasimama kidogo.

"Shemeji," Makungu alimwambia siku moja, "wafiwa wengine hukonda. Wewe unanawiri. Kuna nini?"

Makungu alikuwa mdogo wake Ngwali, naye alikuwa nyapara wa Mradi, yaani mwanafunzi aliyeruhusiwa kuwafokea wanafunzi wenzake. Sikudhani alimshika mkono, akampeleka ukumbini, akamwonyesha. Makungu aliitazama ile alama, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Nilidhani ni mimi tu ninayemwona."

"Yuko peke yake?"

"Peke yake? Wako wote, shemeji. Kila aliyefia hapa. Unadhani nyumba hii inasimama kwa nini? Chokaa iliyoagizwa ilikwenda kumjengea Waziri nyumba ya kupumzikia. Mimi niliamriwa nichanganye udongo na majivu, nikachanganya. Ilikuwa ianguke masika yaliyopita. Sisi tukitoka, wao wanaingia zamu."

"Basi Ngwali hapumziki."

"Atapumzikaje? Nani amemwambia ashuke?"

Sikudhani aliugusa ukuta kwa kiganja. "Tumwambie," alisema.

"Ukimwambia yeye, watasikia wote. Na wakishuka wote..." Makungu alitazama darini.

"Ndiyo maana ya watu kutoka nje," Sikudhani alisema polepole.

Makungu aliguna. "Miaka yote hii mimi nikadhani ni adabu tu."

Jioni ile Sikudhani aliosha karai lake hata lilipokuwa limekwisha kutakata. Jambo la kufanya lilikuwa wazi, ila moyo ulimgomea. Akimnyima mumewe neno lile, atamkuta kila alfajiri, mbichi, karibu, mkono kwa mkono. Akimpa, atampoteza mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake mwenyewe. Alilala na swali hilo, akaamka nalo. Asubuhi alama ilikuwapo, lakini mstari wa lipu uliokuwa juu yake ulikwenda upande. Ngwali hakuwahi kupiga mstari ulioenda upande maisha yake yote. Alikuwa amechoka.

Siku hiyo hiyo ufa ulitokea nyuma ya kiti cha enzi, na Sikudhani akaitwa auzibe huku baraza likiendelea. Hakuna aliyedhani ni lazima wamngoje amalize. Mtu hamngoji ufagio.

"Kuta zangu zinakohoa," alisema Mfalme. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nikilala zinakwaruza. Nikila zinakwaruza. Ni nini?"

"Tumechunguza, Mtukufu," Waziri alijibu. "Ni wanafunzi waliofariki. Inaonekana wanaendelea na mazoezi."

"Bila ruhusa?"

"Bila ruhusa, Mtukufu. Lakini pia bila uji." Baraza liliguna kwa kuridhika. "Napendekeza tuwaandikishe. Watu wasiokula, wasiougua, na wasioweza kufa tena! Ni nchi gani imewahi kubarikiwa hivyo?"

Msemaji wa Kasri aliinua kichwa. "Nitangaze kwamba Mradi sasa umefika ahera?"

"Sema umewafikia walioachwa nyuma," Waziri alimwelekeza. "Inasikika vizuri zaidi."

Sikudhani alishuka kwenye kigoda, akapiga magoti. "Mtukufu, naomba kusema."

Walimtazama kama vile kigoda ndicho kilichosema.

"Wewe nani?"

"Mjane wa Fundi Ngwali."

"Mwanafunzi Ngwali," Waziri alimsahihisha.

"Mtukufu, turuhusu tuwanawie vumbi waliofia humu, na kelele zitakoma. Ila siku hiyo watu wote watoke nje, na wewe utoke na baraza lako. Nakwambia mbele ya mashahidi hawa: kuta hizi wanazishika wao. Wakiziachia zitaanguka."

Kicheko kilianzia kwa Waziri kikalizunguka baraza zima.

"Mama, umefikia hatua gani ya mafunzo?"

"Kubeba karai."

"Basi ngoja ufike hatua ya kuta ndipo utufundishe kuta."

Lakini Mfalme hakuwa amecheka. Mtu aliyekosa usingizi hana nguvu za kucheka. "Zitakoma kweli?"

"Zitakoma, Mtukufu."

"Wanaweni, basi. Huko uani, msinichafulie sakafu. Lakini Mfalme kutoka nje kwa ajili ya mwanafunzi, hilo halijapata kuonekana na halitaonekana. Sisi tutabaki hapa hapa, tuusikilize huo ukimya."

Ilipofika siku yenyewe, Makungu alizunguka toka jikoni mpaka bandani kwa farasi, akifoka kama nyapara anavyofoka, na wote waliojua mila wakatoka: wapishi, walinzi, wafagizi, wanafunzi na vitambaa vyao vya njano. Msemaji naye alitoka, ili aone cha kutangaza kuhusu ukarimu wa Mfalme. Makungu alikwenda hadi chini ya dirisha la baraza, akaita, "Waheshimiwa, tunawaomba mtoke!" Dirisha likafungwa. Akaita tena. Ndani wakapandisha sauti wasimsikie.

Sikudhani alikuwa ameingia ukumbi wa kaskazini kwa mara ya mwisho. Alama ilikuwapo. Aliweka gumba lake juu yake.

"Leo usiweke alama, mume wangu," alinong'ona. "Hakuna kesho. Tunakungoja nje."

Akatoka. Walinawa wote katika karai moja, maji yakawa meupe. Akaushika mwiko wa Ngwali, akaugonga juu ya jiwe.

"Fundi Ngwali..." Makungu akamshika kiwiko. "Fundi Ngwali, kazi imekwisha."

Kisha mwingine akagonga wake: Fundi Siwatu, kazi imekwisha. Na mwingine: Fundi Dadi, kazi imekwisha. Majina yalikuwa mengi kuliko walivyodhani.

Mkwaruzo ukakoma. Ukimya ulikuwa mkubwa, na mzuri, hata kutoka ndani ya baraza wakasikika wakipiga makofi.

Kisha waliosimama uani wakasikia nyayo. Zilikuwa nyayo nyingi, zisizo na haraka, zikishuka ngazi ambazo hazikuwapo, kama watu wanaotoka kazini siku ya mwisho wa juma. Zikapita katikati yao na harufu ya lipu mbichi. Mtu fulani katika zile nyayo alikuwa akiimba kwa sauti ya kukoroma, wimbo wa zege. Sikudhani alihisi kitu kikimgusa mgongo wa mkono, kikavu, chenye kovu. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka atamwita.

Vumbi likaanza kudondoka kwenye pembe ya kaskazini, dogo, kama unga kwenye chekecheo. Makofi yalikuwa bado yanaendelea kasri lilipojikunja na kukaa chini.

Wingu lilipotulia, Msemaji alikuwa juu ya lundo la mawe, mweupe toka utosini mpaka miguuni. Ulimi wake ulitangulia akili, kama ulivyozoea.

"Wananchi!" alipaza sauti. "Msiba huu ni mkubwa, lakini vifusi hivi ni fursa! Nani asiyetaka uzoefu wa kuondoa..."

Sikudhani aligonga mwiko juu ya jiwe. Makungu akagonga wake. Kisha uwanja mzima ukagonga, mikono yenye joto na jasho, na Msemaji, ambaye alizoea mkwaruzo wa waliokufa ukutani, aliwasikia walio hai kwa mara ya kwanza, akashuka kwenye lundo lile bila kumaliza sentensi.

Vifusi havijaondolewa hadi leo. Nyasi zimeota, na watoto hukatazwa kucheza hapo. Sikudhani aliokota kipande kimoja tu, cha ukumbi wa kaskazini, akakipachika kando ya mlango wake. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, huweka gumba lake juu ya ile alama, akasimama kidogo, akisikiliza.

Ni kavu.