Miji Iliyomfuata Traudel

Alhamisi alasiri, katika chumba cha nyuma cha baa ya Kulungu, Traudel Wiegand alisogeza sahani za keki ya plamu pembeni na kuitandaza ramani ya Bahari ya Baltiki mezani. Wanawake wa klabu walikuwa wamemaliza kuviringisha mpira na kuangusha pini, wamekunywa kahawa, na sasa walikuwa kwenye kile kiglasi kidogo ambacho Roswitha, mwenyekiti wao, hukiita dawa ya tumbo. Klabu husafiri kila mwaka mara moja, wote wakiwa wamevaa fulana za rangi moja, na mpangaji wa safari ni Traudel. Yeye ndiye huchagua barabara, hoteli, makanisa ya kuingia na makanisa ya kupita tu. Kisha wenzake huondoka, yeye akabaki, wakarudi na pua zilizoungua kwa jua kumsimulia ilivyokuwa.

Hubaki kwa sababu ya mama mkwe wake, Bibi Käthe, mwenye umri wa miaka tisini na kitu. Miguu ya bibi huyu imekwisha kazi, lakini ulimi bado mpya kabisa. Mumewe Traudel, Gerd, alipokufa, alimwachia nyumba na mama yake ndani ya nyumba. Kuna mtoto mwingine, Volker, anayeishi mjini Frankfurt na ana shughuli nyingi. Mwaka huu, siku ya Pasaka, Volker aliapa huku mdomo umejaa nyama kwamba atakuja kukaa na mama yake ili Traudel naye aende. Ahadi ni deni, wasemao husema. Traudel aliamini. Akanunua hata fulana.

"Mwaka huu tunapanda meli, tunaanza Lübeck," aliwaambia wenzake, akigusa ramani. "Halafu Visby, Tallinn, Riga, tunamalizia Gdańsk."

"Visby kuna nini?" Irmgard aliuliza.

"Ukuta wa kale unaozunguka mji."

"Ukuta hata kwangu upo," Irmgard akasema. "Lakini sawa, panga wewe, sisi tutakunywa."

Jioni hiyo Traudel alimaliza kuipanga Lübeck, akafunga kitabu cha mwongozo, akasikia shakwe wanalia nje. Alifungua mlango wa jikoni. Mji wa Oberweiden uko ndani sana ya nchi, mahali ambapo maji makubwa ni bwawa la kuogelea la halmashauri. Lakini bahari ilikuwa pale, imefika hadi mwisho wa bustani, ya kijivu na baridi, na kando yake ilisimama Lübeck na minara yake saba, imedidimia kidogo kwa sababu udongo wa pale ni laini. Mzee Dietz, jirani, alikuwa ameegemea ua.

"Traudel, huu mji ni wako?"

"Nadhani."

"Viazi vyangu viko chini yake."

"Samahani, Mzee Dietz."

Mzee Dietz akautazama mji kwa muda. "Bia wanayo?"

"Wanayo."

Akaenda kuchukua koti lake.

Traudel alipomaliza Visby, Visby ikaja na ukuta wake wote, ikakaa kwenye malisho ya farasi. Tallinn ilipata nafasi nyuma ya kituo cha zimamoto. Riga na Gdańsk zilibanana kando ya barabara ya kwenda shule, bega kwa bega, lakini hazikugombana. Halmashauri iliweka kibao cha kukataza kuegesha magari ufukweni siku za Jumapili. Watu wa Oberweiden nao hawakuchelewa: kila alfajiri mabenchi ya kando ya maji yalikutwa yametandikwa taulo za kushikia nafasi, na wenye taulo wamerudi nyumbani kulala.

Bibi Käthe alilalamika kutoka kitandani. "Ndege gani hawa wanapiga kelele hivi? Na hiyo harufu?"

"Ni samaki wa heringi, Mama. Wavuvi wameingia."

"Wananuka sana. Leta wawili."

Traudel mwenyewe hakuingia katika mji wowote. Alipita kando yake akienda dukani, macho mbele, kama bi harusi asiyetaka kuonekana kabla ya siku yake. Alitaka kuiona miji hiyo kutoka baharini, akiwa sitahani na wenzake, amevaa fulana. Alikuwa amewapangia watu furaha kwa miaka mingi, na sasa alitaka ya kwake, nzima, isiyoonjwa.

Volker alipiga simu wiki moja kabla ya safari, Traudel akiwa anamenya mboga ya asparaga.

"Shemeji, za huko? Mama hajambo? Sikiliza, kuna jambo limejitokeza. Mke wangu Sabine amepata chumba, chumba kizuri chenye baraza, mtu kaghairi. Tukasema tusiache."

"Chumba wapi?"

"Kwenye meli. Hiyo hiyo yenu! Tutasafiri na wakina Roswitha. Hebu nitumie ile ratiba yako, wanasema umeipanga ikapangika."

"Na Mama?"

"Si upo wewe?" Volker alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mahali alipoweka miwani. "Mwakani nitakuja, shemeji. Mwakani bila shaka."

Traudel akamtumia ratiba. Kisha akasimama kwenye sinki na kulia, kwa sababu iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa hakushangaa. Bibi Käthe akaita kutoka chumbani kuuliza asparaga imefikia wapi.

Siku ya kuondoka, basi lilisimama mbele ya baa ya Kulungu. Roswitha alimkumbatia Traudel, akasema kwamba moyo wake haumruhusu kwenda, kwamba heri abaki naye. Alisema hivyo akiwa ameshapanda ngazi ya kwanza, na begi lake lilikuwa tayari limekaa dirishani. Traudel akacheka, akampungia mkono.

Simu ya kwanza kutoka melini ilikuja Jumanne.

"Shoga," Roswitha alisema, "Lübeck tuliikosa tukadhani ni ukungu. Sasa tumefika Visby, Visby hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Maji matupu. Nahodha amezunguka mara mbili kuhakikisha. Ametuomba radhi, katugawia keki ya krimu."

"Visby iko huku, Roswitha. Kwenye malisho ya farasi. Zote ziko huku."

"Ahaa. Nilimwambia Irmgard, hii itakuwa kazi ya Traudel. Basi tembea, shoga, usikae ndani. Vaa viatu vya chini, huko ni mawe matupu. Sisi huku tuko salama, kuna uwanja wa pini chini ya bwawa la kuogelea."

Ndivyo ilivyokuwa kwa safari nzima. Meli ilitia nanga mbele ya mahali ambapo Tallinn haikuwepo, abiria wakapiga picha ya upeo wa bahari, wakarudi mezani. Wanawake wa klabu walishinda kombe la pini la meli na kumvua mhudumu mmoja kofia. Hawakumlaumu mtu.

Volker alimlaumu Traudel. "Shemeji, irudishe hiyo miji. Sisi ni wateja, tumelipa."

"Sijui namna ya kuirudisha, Volker. Lakini mnatia nanga keshokutwa bandarini Rostock, si ndiyo? Shukeni, pandeni treni. Jioni mko hapa. Utaiona yote, na utamsukuma mama yako mwenyewe. Atafurahi hadi alie."

Upande wa pili kukasikika vijiko, na mtu akicheka mbali.

"Kumsukuma," Volker alisema. "Unajua mgongo wangu, shemeji. Basi tupigie picha."

Traudel aliweka simu chini. Akaenda kabatini, akatoa fulana, akaivaa. Akamvalisha Bibi Käthe kofia ya majani, akamfunga shali, akamtoa nje na kiti chake cha magurudumu.

"Tunakwenda wapi?"

"Tallinn, Mama. Tutarudi kabla ya supu."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupanga. Miji ilikuwa karibu, hivyo waliingia Lübeck baada ya dawa za asubuhi, wakala marzipani, vile vitamu vya lozi, na mchana Bibi Käthe alikuwa kitandani kwake amelala fofofo. Visby waliizunguka mara mbili, kwa sababu bibi alidai mara ya kwanza upepo ulimfumba macho. Huko Tallinn bibi alitaka kupanda mnara. Traudel aliwaita watu wawili wa zimamoto ya kujitolea, ambao siku hiyo hawakuwa na moto, wakambeba juu na kiti chake. Kutoka kileleni bibi aliitazama bahari, mapaa mekundu, meli, na hatimaye bustani yake mwenyewe.

"Umeacha nguo kwenye kamba," akasema. "Na mvua inakuja."

Traudel alicheka hadi akaushika ukuta. Wazimamoto nao wakacheka. Mvua ikaja kweli, ikalowesha Tallinn na zile nguo kwa pamoja, na wao wakakaa mnarani wakila mkate na heringi mpaka ikaisha. Kuna watu waliozunguka dunia nzima na hawakupata saa moja kama ile.

Gdańsk walikwenda siku ya mwisho, siku ambayo meli ilikuwa ikirejea. Kwenye mtaa wa wauza kaharabu, Traudel alijinunulia mkufu wa vijiwe vya rangi ya asali, akauvaa papo hapo. Mwenye duka, mama mnene mwenye macho ya kirafiki, aliinama kumtengenezea Bibi Käthe shali.

"Una bahati, bibi," akasema. "Kuna mtu anakutunza vizuri."

"Sana," Bibi Käthe akajibu, na uso wake ukang'aa. "Mwanangu Volker. Hakuna mtoto kama yule. Sasa yuko baharini, maskini, anapumzika, maana amechoka." Kisha akamwelekezea Traudel kidole. "Huyu ni mke wa marehemu. Ananisukuma."

Mwenye duka akamtazama Traudel. Traudel akamfuta mama mkwe marzipani kidevuni, akakitoa kiti breki. Lango la Riga lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, bado liko wazi, na Riga walikuwa hawajaiona.