Kokoto Ndani ya Pikipiki ya Yavor

Kila Jumamosi wenye pikipiki wa mji wa Varishte hukutana kwenye banda la matrekta la ule ushirika wa zamani, ambao ulikufa na kutuachia paa zuri. Huja na spana zao, kahawa kwenye chupa, mbegu za alizeti za kutafuna, na pikipiki zenye maradhi. Fundi hayupo. Kila mtu anajua kitu kimoja au viwili na ndicho anachofundisha: Neda wa duka la dawa anajua kabureta, Dobri mchinja nguruwe anajua cheni, na Spas, dereva wa tipa, anajua breki. Sheria ya banda ni moja na haina mjadala. Anayejua hashiki. Anasimama kando, mikono nyuma, anaeleza, na mwenye pikipiki ndiye anayefungua, anayechafuka na anayefunga. Ukimwona mtu kashika nati ya pikipiki ya mwenzake, huyo ni mgeni, na atafokewa mpaka aiachie.

Jumamosi ile Dobri alikuwa kasimama nyuma ya tarishi mmoja mstaafu wa posta.

"Cheni hiyo umeikaza kama kamba ya soseji," alimwambia. "Ilegeze, bwana. Itakukatikia njiani utembee kwa miguu, na kwa kitambi hicho hufiki."

Wakati watu wanacheka, Velichka aliingia akisukuma pikipiki ya mwanawe.

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Uso wa Yavor ulikuwa bado umebandikwa kwenye mlango wa banda, kwenye kituo cha basi na kwenye mti wa mbele ya ofisi ya meya, juu ya tangazo la kifo, kama tunavyofanya kwa kila anayeondoka. Arobaini yake ilikuwa imepita wiki hiyo hiyo. Wote waliokuwa bandani walikuwa wamekula ile ngano ya kuchemsha yenye sukari na kumwaga divai kidogo juu ya kaburi. Velichka alikuwa amevaa nyeusi, na mkononi alikuwa na glavu za mpira za jikoni.

Yavor alianguka kwenye Kona ya Chokaa, asubuhi kavu, akienda kazini kwenye tanuri la mikate. Polisi walisema breki. Walisema kijana hakuitunza pikipiki yake, basi akafa kwa uzembe wake mwenyewe. Huyo Yavor, jamani, aliyekuwa akiosha pikipiki kabla hajanawa uso! Siku chache baadaye Velichka alikuwa kwenye foleni ya mkate, akamsikia mwanamke aliyesoma naye shule akisema kwamba vijana wa siku hizi hawajali hata roho zao. Alirudi nyumbani bila mkate. Maneno yale yalimchoma kuliko jeneza.

"Nataka mnifundishe kufungua breki zake," alisema. "Nizione kwa macho yangu. Kama kweli alizembea, nitanyamaza, sitawasumbua tena. Kama hakuzembea, nataka isemwe kilichomwua."

Spas akaweka mikono nyuma, akasogea.

"Haya, shangazi. Anza na bolti hizo mbili. Spana ya kumi na mbili. Siyo hiyo, hiyo nyingine. Enhe."

Velichka alikuwa ameshona kiwandani miaka yote ya ujana wake na hakuogopa chuma. Bolti ya kwanza ilitoka, ya pili ikakwama kidogo kisha ikatoka. Alipoiachanisha breki na diski, kokoto zikamwagika.

Zilianza kiasi cha kujaza kiganja, kutoka mahali ambapo hata punje ya njegere isingekaa. Kisha zikaja za kujaza ndoo. Neda aliondoa mkoba wake sakafuni usije ukafukiwa. Dobri aliuliza kama kuna mtu mwenye beleshi. Zilikuwa kokoto nyeupe zenye mstari wa kijivu, bado zimelowa kwa maji ya kuoshea, na hapakuwa na mtu mle ndani asiyezijua, maana nusu ya mji inakula kwa kokoto hizo. Zinachimbwa juu ya mlima, zinapakiwa kwenye tipa hadi zinavimba, na tipa zinateremka bila turubai kwa sababu kufunga turubai kunachelewesha safari na wakubwa hawataki. Kwenye Kona ya Chokaa tipa huinama, na kinachomwagika kinabaki juu ya lami. Asubuhi ya Yavor tipa ziliteremka kama kawaida, ya Spas ikiwa mojawapo.

"Zipitie hizo pedi, shangazi," Spas alisema. "Zifute kwanza."

Velichka alizifuta kwa pindo la gauni. Zilikuwa nene, safi, zimekaa sawasawa.

"Nzima," Spas alisema, tena kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Alizibadilisha hapa hapa, wiki moja kabla. Nilisimama hapa nilipo, namwelekeza. Alifunga vizuri kuliko mimi."

Velichka alikaa juu ya kreti akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia kwa sababu alikuwa amefurahi, na kufurahi kwenyewe kukamtia uchungu upya.

Jumamosi iliyofuata kokoto ziliendelea, na iliyofuata pia. Velichka alifungua taa ya mbele, zikatoka. Alifungua kiti, zikatoka. Neda alimwelekeza kwenye kabureta, na kutoka kwenye tundu jembamba kuliko sindano zikatoka za kujaza toroli mbili. Chungu ya kokoto ikainuka nje ya banda mpaka ikaziba dirisha, ikabidi waanze kuwasha taa mchana. Watu walinung'unika kidogo kuhusu taa. Mwenye zamu ya kufagia alifagia. Velichka, kwa upande wake, alijifunza kubadilisha oili, kusafisha plagi na kupima mlegeo wa cheni kwa kidole, na Dobri alisema kwamba mama huyu akiendelea hivi atawafukuza wote humo ndani.

Ndipo alipokwenda polisi, akaomba mkaguzi aje atazame.

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, zamu ilipobadilishwa pale machimboni, msimamizi alisimama getini akawaambia wafanyakazi maneno machache. Hakutisha mtu. Alisema tu kwamba barabara ikifungwa kwa tipa, machimbo hayatafika majira ya baridi. Aliwatakia jioni njema.

Mkaguzi Gavrail alikuwa mtu mstaarabu mwenye mafua. Alifika bandani, akasalimia, akakataa glasi ya rakia, ile pombe kali ya matunda, akakubali kahawa. Velichka alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kanisani. Alipiga magoti mbele ya pikipiki na kuifungua breki mwenyewe, bolti ya kwanza, bolti ya pili, na kokoto zikateremka juu ya viatu vya mkaguzi.

Gavrail aliokota moja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ni kokoto," alisema.

"Na pedi ndizo hizi," Velichka alisema. "Tazama, bwana mkaguzi. Nzima. Mwanangu hakuua mtu, hata nafsi yake. Aliuawa na hizi zilizokuwa barabarani."

"Zimetoka wapi?"

Aliwauliza wote. Watu wakaanza kutazama viatu vyao, na wasiokuwa na la kutazama wakawasha sigara. Velichka aligeuka, bado amepiga magoti.

"Semeni, basi. Neda, si ulizijua tangu siku ya kwanza? Mumeo si anazipakia? Dobri, wewe ulibeba jeneza lake. Ulilia kunishinda mimi. Sema zimetoka wapi."

"Mimi, shangazi," Dobri alisema, "ni mtu wa cheni."

Neda alisema siku ile alikuwa ameinamia kabureta na hakuona kitu. Hakusema siku ipi.

Basi Spas akatoa mikono nyuma, akasogea mbele.

"Breki niliifunga mimi," alisema. "Nilikosea. Ndiyo maana alianguka."

"Wewe mwenyewe?" mkaguzi aliuliza. "Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Kwenye banda lile, ambamo mtu hufokewa kwa kugusa nati ya mwenzake, hakuna aliyefungua mdomo. Hata yule tarishi mstaafu, ambaye alikuwepo siku Yavor alipobadilisha pedi na ndiye aliyemshikia tochi, alishughulika na kofia yake.

"Mwongo wewe!" Velichka alipiga kelele. "Mwongo mkubwa, Spas! Humu ndani hajawahi kufungiwa mtu breki. Mikono yako ilikuwa nyuma. Ilikuwa nyuma, na mnajua wote!"

Mkaguzi alisubiri kama kuna atakayeongeza neno. Alipiga chafya mara kadhaa. Kisha akamshika Velichka mkono, akamwinua, na akamwambia kwa upole, maana kweli alimhurumia:

"Mama, ulitaka jina la mwanao lisafishwe. Sasa si limesafishwa? Hakuzembea yeye. Amezembea huyu."

Akakung'uta kokoto viatuni, akamchukua Spas, akaondoka.

Spas alipewa kifungo cha nje. Wakili wake aliletwa na machimbo, wakili mzuri wa kutoka Plovdiv. Kazi hakuipoteza, alipumzishwa kidogo, kisha akarudishiwa tipa ile ile. Velichka alimkuta siku moja mbele ya duka la mikate, akamsimamisha.

"Kwa nini, Spas? Niambie mimi tu."

"Nina wazee wawili na watoto ndani, shangazi. Na siyo mimi peke yangu, hesabu nyumba za mtaa mzima." Alikuwa amekonda. "Na Yavor ameshakufa. Yeye haumii tena."

"Ndiyo," Velichka alisema. "Ameshakufa."

Alimchukia kwa moyo wake wote, na wakati huo huo aliona shati lake limepauka kwenye kola, akamwonea huruma, na hiyo huruma ikamkasirisha zaidi. Hakumpa hata kwaheri.

Machimbo yaliandikia banda barua ya adabu. Yalisema kwamba, kwa kuwa kokoto zile ni za aina yake na hazipatikani kwingine, ni mali ya machimbo, na kwamba tipa itakuja kuzichukua kila Jumamosi jioni bila gharama yoyote. Watu wa banda waliona ni jambo la maana. Dirisha likafunguka, mwanga ukarudi. Msimamizi mwenyewe, yule aliyesema maneno machache getini, alimtuma Spas kuzipakia, kwa kuwa anaijua njia ya banda.

Velichka hakuacha kuja. Angeenda wapi? Pikipiki ya Yavor haikuwa imekwisha kumwaga, na mtu hawezi kuiacha hivyo. Alikuwa sasa anajua mambo mengi, na Jumamosi nyingine alikuwa akisimama nyuma ya mgeni, mikono nyuma, akieleza habari za plagi.

Kitu kimoja tu kilibadilika bandani, na kilikuja polepole. Hakuna aliyemwomba Spas tena habari za breki. Mwanzoni ilikuwa aibu. Baadaye Neda alisikika akimwambia mtu kwamba, unajua, kulitokea ajali, na polisi walithibitisha. Dobri alianza kutazama video za breki mtandaoni. Tarishi mstaafu aliapa kwamba alimwona Spas kwa macho yake akiikaza ile bolti, tena kwa spana isiyofaa. Walikuwa hawadanganyi tena. Walikuwa wanakumbuka hivyo.

Kabla ya majira ya baridi alikuja mtu mpya, Ognyan, daktari wa meno aliyerudi kutoka Ujerumani na pikipiki nyekundu ambayo hakuijua hata tangi lake linafunguliwa vipi. Alisema breki za nyuma zinalia. Akauliza amwendee nani.

"Kuna video nzuri," Dobri alisema haraka.

Spas alikuwa kakaa mlangoni, akisubiri vijana wa machimbo wamalize kupakia tipa. Alisikia, akaendelea kutazama nje.

"Nenda kwa Spas," Velichka alisema.

Alisema kwa sauti ya juu, na spana zikanyamaza banda zima.

"Shangazi..." Neda alianza.

"Breki alizofundisha Spas hazijawahi kumwua mtu," Velichka alisema, akiwatazama mmoja mmoja. "Hata mmoja. Nendeni mkaseme popote kwamba ni mimi nimesema, mama yake Yavor."

Nje beleshi ziliendelea kukwaruza. Ognyan, ambaye hakuelewa kitu, alimsukumia Spas pikipiki yake nyekundu na kupiga magoti mahali palipofagiwa.

Spas aliinuka. Kisha akaweka mikono nyuma, akamwambia aanze na bolti mbili za nje, spana ya kumi na mbili, asikaze mno wakati wa kurudisha, afute diski kwa kitambaa kikavu. Alimweleza yote bila kuruka hatua, akamrudisha nyuma pale alipokosea, akamtaka afunge na kufungua tena mpaka apate. Velichka alisimama karibu akisikiliza, na kila neno lilikuwa sahihi. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Breki zilipoacha kulia, Ognyan alishukuru watu wote, akavaa helmeti. Spas alipanda tipa. Ilikuwa imejaa hadi juu, bila turubai, na ilikuwa inachuruzika maji. Akatangulia kuteremka kuelekea Kona ya Chokaa, na Ognyan, breki zake zikiwa nzima, akamfuata nyuma.